Usiulize toleo la Windows, uliza kama funksheni ipo

Ukiandika programu ya kompyuta itakayotumika kwenye Windows 7, 10 na 11 kwa pamoja, usijenge maamuzi yake juu ya namba ya toleo. Tangu Windows 8.1, GetVersionEx, funksheni (huduma ya Windows ambayo programu huiita kwa jina) ya kuuliza toleo, huijibu 6.2, yaani Windows 8, programu yoyote ambayo faili lake la manifesti, linaloorodhesha matoleo ya Windows ambayo programu inayatambua, halikutaja matoleo mapya, hata kama mashine ni ya jana. Na Windows 11 yenyewe bado hujitambulisha kama 10.0, ikitofautiana na mtangulizi wake kwa namba ya bildi inayoanzia 22000.

Njia salama ni kuitafuta funksheni unayoihitaji wakati programu inaendeshwa. Chukua GetDpiForWindow, inayoeleza msongamano wa nukta za skrini (DPI) kwa dirisha la programu, iliyoingia katika Windows 10 toleo la 1607: ukiiunganisha moja kwa moja, Windows 7 itakataa kuifungua programu kabla mstari wako wa kwanza haujatekelezwa, na mtumiaji ataachiwa ujumbe wa kosa asioweza kuufanyia lolote. Badala yake, iombe kutoka user32.dll, maktaba ya Windows inayoibeba, kwa GetProcAddress, inayotafuta funksheni kwa jina lake. Ukirudishiwa sifuri, tumia GetDeviceCaps pamoja na LOGPIXELSX, njia ya kupata DPI ya skrini ambayo ipo tangu zamani.

Kisha ijaribu kwenye Windows 7 halisi, angalau ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine), kwa sababu hali ya upatanifu iliyomo ndani ya Windows 11 haiondoi funksheni mpya, na kwa hiyo haitakuonyesha kosa hili hata kidogo.