SOMO: Kaunta ya mbao jikoni, vanishi au mafuta?

Naliweka hapa ili swali hili lisinifuate tena inbox.

Jiulize kwanza: utakatia mboga juu yake? Kama ndiyo, paka mafuta. Kisu hupasua vanishi, maji yanapita chini yake, mbao inakuwa nyeusi, na kurekebisha ni kukwangua kaunta nzima. Ya mafuta unapiga msasa palipoharibika tu, unapaka tena. Kama hukatii, vanishi ya poliurethani, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu), yatosha.

Hatua za mafuta:

1. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, kufuata nyuzi za mbao.
2. Lowesha kidogo, ikikauka rudia 180 kwa mkono mwepesi.
3. Futa vumbi.
4. Paka mafuta ya kitani yaliyotiwa kikaushio (ya kuchemshwa). Mkono wa kwanza nusu kwa nusu na tepentaini. Subiri dakika 20, kisha FUTA yote yaliyobaki juu. Watu huyaacha "yaingie". Hayaingii! Yanaganda, yananata, yanakamata vumbi. Yakishanata, sugua kwa kitambaa chenye tepentaini. Rudia mikono minne, saa 24 kati yake. Paka na chini pia, la sivyo mbao itapinda. Vichwa vya mbao (ncha zilizokatwa) na tundu la sinki vinywesheni zaidi, ndiko kunakoanza kuoza.

ONYO: vitambaa vyenye mafuta haya hujiwasha vyenyewe vikirundikwa. Vitandaze nje kimoja kimoja, au viloweke kwenye maji.

Kipanga: Mkuu, alizeti haifai?
Jibu: Haikauki. Itachacha na kunuka.

Bosi_K: Kwa hiyo bora ni ipi?
Jibu: Soma aya ya pili.

Mama Tatu: Yangu ni mvule. Vanishi siku ya nne bado inanata, kwa nini?
Jibu: Swali zuri dada. Mvule una kemikali yake ya asili inayozuia vanishi kukauka. Ikwangue, futa kwa thina mpaka kitambaa kitoke safi, ikikauka tu paka shelaki isiyo na nta (vanishi ya asili, hapa ni ya kutenga mbao na vanishi ya juu), halafu vanishi. Na vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha kifua.

Kipanga: Na kibao cha kukatia nyama?
Jibu: Nta ya nyuki kipimo 1, parafini ya maji ya famasi vipimo 4, yeyusha juu ya maji ya moto. Ya famasi, wa Kenya mnisikie: si mafuta ya taa.