Kuwasha adapta ya Wi-Fi ya USB kwenye Linux: anza na namba ya chipu

Laptopu ya mtumba ambayo kadi yake ya ndani ya Wi-Fi imekufa, au kompyuta ya mezani ambayo haikuwahi kuwa nayo, huokolewa na kidude kidogo cha USB. Kwenye Linux kidude hicho huwa na tabia mbili tu: ama kinafanya kazi papo hapo bila kuweka kitu chochote, ama kinakaa kimya, na mwenye nacho anaanza kubandika kila amri anayokutana nayo mpaka mfumo wenyewe unavurugika. Wanaoniletea kompyuta za kundi la pili karibu wote wameruka jambo moja: walitafuta draiva (programu inayoiwezesha Linux kuendesha kifaa) kabla ya kujua wana chipu gani.

Amri za hapa ni za Ubuntu, Linux Mint na Debian. Kwenye Ubuntu na Mint fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T; kwenye Debian itafute kwenye menyu ya programu. Kubandika ndani yake ni Ctrl+Shift+V, siyo Ctrl+V. Ukichapa paswadi baada ya sudo, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi, hutaona hata nyota. Chapa tu kisha bonyeza Enter. Ile CD ndogo iliyokuja kwenye boksi iweke kando. Ni ya Windows, na hata ikiwa na folda ya Linux, ndani yake mara nyingi mna draiva ya kerneli (kiini cha Linux) za zamani sana.

Hatua ya 1: pata intaneti kwa njia ya simu

Utahitaji intaneti ili kutengeneza intaneti, na hapo ndipo wengi hukwama. Chukua simu ya Android na waya wake wa data (siyo ule wa kuchaji tu), chomeka kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, washa USB tethering. Linux huitambua simu kama kadi ya mtandao wa waya, na kwa kawaida huhitaji kuweka chochote. Angalia bando lako kwanza: pakeji za kujengea draiva si kubwa, lakini kerneli mpya pamoja na fimwea (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya vifaa vyenyewe) zinaweza kula mamia ya megabaiti. Zima masasisho ya kujiendesha kabla hayajalimaliza bando kimyakimya.

Hatua ya 2: soma namba

Chomeka adapta moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, bila habu (kigawanyo cha matundu ya USB), kisha andika:

lsusb

Utapata orodha ya vifaa vyote vya USB. Kila mstari una neno ID likifuatiwa na namba ya sehemu mbili, kwa mfano 148f:7601. Kama huna hakika mstari upi ni wa adapta, ichomoe, rudia amri, uone uliopotea.

Namba hiyo ndiyo ya kuamini. Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi, kwa sababu watengenezaji hubadilisha chipu na kuliacha jina vilevile, kama gari lililobadilishwa injini bila kupakwa rangi upya. Mfano unaojulikana sana ni TL-WN722N ya TP-Link. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, inayopendwa na watu wa Linux mpaka leo. Toleo la 2 na la 3 zina RTL8188EUS ya Realtek, chipu tofauti kabisa inayotaka draiva tofauti. Ukifuata maelekezo ya toleo la kwanza huku umeshika la tatu, utahangaika siku nzima.

Hizi ndizo namba ninazokutana nazo mara nyingi:

0cf3:9271 ni AR9271. Draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya kerneli. Chomeka, tumia.

148f:5370 ni Ralink RT5370, nayo imo, kwa jina la rt2800usb.

148f:7601 ni MediaTek MT7601U, chipu ya vile vidude vidogo visivyo na jina vilivyoandikwa 802.11n tu. Imo tangu kerneli 4.2 ya mwaka 2015. Haina kasi ya kutisha, ila inaunganika.

0bda:8179 ni RTL8188EUS. Ile ya TP-Link niliyoitaja hutumia chipu hiyohiyo lakini hujitambulisha kama 2357:010c. Kuanzia kerneli 6.3 inaendeshwa na draiva iitwayo rtl8xxxu.

0bda:c811 ni familia ya RTL8821CU, yenye bendi mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Imeingia kwenye kerneli 6.2.

0bda:8812 ni RTL8812AU. Hii pamoja na ndugu zake 8811AU na 8821AU zilisubiri mpaka kerneli za mwaka 2025; 6.14 inazo.

Namba ikianza na a69c, una chipu ya kampuni ya AIC, ambayo siku hizi inaonekana kwenye adapta za bei nafuu zinazotangazwa kuwa za Wi-Fi 6. Draiva yake haimo kwenye kerneli. Kama duka linakubali kubadilisha, mimi ningebadilisha, na ningetaka MT7601U au, kwa bendi mbili, MT7612U. Anayeanza hana sababu ya kupambana na chipu ngumu wakati nyepesi ipo kwenye kaunta hiyohiyo. Nenda dukani na laptopu, chomeka, endesha lsusb, ndipo ulipe.

Namba yako haimo hapa? Itafute kwenye intaneti pamoja na neno Linux. Tafuta namba, siyo jina la boksi.

Kama namba ni 0bda:1a2b

Hii inastahili sehemu yake kwa sababu inachanganya watu. Adapta fulani zikichomekwa hujifanya diski yenye draiva ya Windows ndani. lsusb inaonyesha 0bda:1a2b, pengine na ikoni ya diski inatokea kwenye dawati, lakini Wi-Fi hakuna. Adapta ni nzima, ila inasubiri kuambiwa iache kujifanya diski:

sudo apt install usb-modeswitch
sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Subiri sekunde chache, rudia lsusb. Namba itakuwa imebadilika, kwa mfano kuwa 0bda:c811, na hiyo mpya ndiyo ya chipu yako halisi. Rudi kwenye orodha ya juu.

Hatua ya 3: uliza kerneli imeona nini

uname -r

hukuambia toleo la kerneli. Lilinganishe na toleo la kerneli lililotajwa kwa chipu yako kwenye orodha ya hatua ya 2. Kisha:

ip -br link

Adapta ya USB iliyopata draiva hutokea kwa jina refu linaloanza na wlx, likifuatiwa na anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Ikionyesha DOWN usihofu, haijaunganishwa tu. Jina likiwepo, ruka hadi hatua ya 5. Lisipokuwepo:

sudo dmesg -w

Iache ikiendelea, chomoa adapta, chomeka tena, usome mistari mipya inayoingia. Ukiona "Direct firmware load" ikiishia na "failed with error -2", draiva ipo lakini faili ya fimwea haipo. Kwenye Ubuntu na Mint dawa ni kusasisha pakeji iitwayo linux-firmware. Kwenye Debian 12 ni firmware-realtek au firmware-misc-nonfree, kutegemea chipu, na lazima sehemu ya non-free-firmware iwe imewashwa kwenye orodha ya hazina zako, yaani mahali apt inapochukua pakeji.

Ukiona "device descriptor read/64, error -71", acha habari za draiva. Hiyo ni dalili ya tundu bovu, waya mbovu au umeme usiotosha. Hamia tundu jingine. Kwenye kompyuta ya mezani tumia yale ya nyuma. Nimeona watu wakiweka Linux upya kwa tatizo ambalo lilikuwa la habu mbovu.

Mistari ikionyesha kifaa kimeonekana lakini hakuna draiva iliyokishika, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 4: draiva isiyokuwepo

Kabla ya kujenga draiva mwenyewe, panda kerneli. Kwa mfano 8812AU haina draiva kwenye kerneli 6.8 iliyokuja na Ubuntu 24.04, lakini 6.14 inayo. Kwenye Ubuntu 24.04:

sudo apt update
sudo apt install linux-generic-hwe-24.04

Kwenye Mint, fungua Kidhibiti cha Masasisho, menyu ya View, kisha Linux Kernels. Washa kompyuta upya, rudia hatua ya 3. Kerneli ya zamani hubaki kwenye menyu ya kuwashia, kwa hiyo mambo yakienda kombo unaweza kurudi.

Kujenga draiva ni njia ya mwisho. Andaa vifaa:

sudo apt install git dkms build-essential linux-headers-generic linux-headers-$(uname -r)

Kwenye Debian, badala ya linux-headers-generic andika linux-headers-amd64. Usiiache pakeji hiyo. DKMS kazi yake ni kuijenga draiva upya kila kerneli inapobadilika, nayo haiwezi bila vichwa vya kerneli mpya (hizo pakeji za linux-headers). Ndiyo sababu ya malalamiko ya "Wi-Fi ilikuwa inafanya kazi mpaka jana niliposasisha".

Kisha tafuta kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wa programu, draiva ya chipu yako. Chagua hazina yenye mabadiliko ya karibuni na inayotaja kerneli yako. Soma README, faili lake la maelezo, yote kabla ya kugusa; nyingi zina hati ya kuweka draiva unayoiendesha kwa sudo, na zinaeleza jinsi ya kuiondoa. Usiweke draiva mbili za chipu moja ukidhani moja itashinda.

Kabla ya kuendesha hati hiyo angalia pia:

mokutil --sb-state

Ikijibu kuwa Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini tu wakati wa kuwasha kompyuta) imewashwa, kerneli itaikataa draiva isiyo na saini kwa ujumbe "Key was rejected by service". Wakati wa kuweka, mfumo unaweza kukuomba utunge paswadi. Itunge, iandike mahali, washa upya. Skrini ya bluu itatokea kwa sekunde chache tu: bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, ingiza paswadi ile. Ikikupita, kwenye Ubuntu unaweza kuirudisha kwa:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Hatua ya 5: unganisha

Mara nyingi ikoni ya mtandao kwenye kona inatosha. Kwa terminali:

nmcli device wifi list
nmcli --ask device wifi connect "JinaLaWifi"

Kwa --ask paswadi ya Wi-Fi huombwa pembeni, haibaki kwenye historia ya amri.

Orodha ikiwa tupu, endesha rfkill list. "Soft blocked: yes" inaondolewa na sudo rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe cha laptopu yenyewe, na hakuna amri itakayokisukuma.

Mitandao ya majirani inaonekana ila wako hauonekani? Adapta za 802.11n za bei ndogo husikia GHz 2.4 peke yake, hivyo ruta inayorusha GHz 5 tu hazitaiona kamwe. Sababu nyingine ni ruta kukaa kwenye chaneli ya 12 au 13. iw reg get ikionyesha country 00, yaani nchi haijawekwa, jaribu sudo iw reg set TZ, au KE ukiwa Kenya.

Inaunganika halafu inakatika

Mshukiwa wa kwanza ni uokoaji wa umeme. Kwenye Ubuntu na Mint fungua:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Badilisha wifi.powersave = 3 iwe 2, hifadhi. Baadhi ya Realtek pia hushindwa kuunganika kwa sababu NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, hubadilisha anwani ya MAC wakati wa kutafuta mitandao. Tengeneza faili /etc/NetworkManager/conf.d/wifi-scan.conf yenye mistari hii:

[device]
wifi.scan-rand-mac-address=no

Kisha kwa vyote viwili:

sudo systemctl restart NetworkManager

Ikiendelea kukatika hasa unaponakili mafaili kwenda diski ya nje, angalia tundu la jirani. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya GHz 2.4. Tumia waya wa kurefushia wa USB, hata wa nusu mita, uiweke adapta mbali na diski na juu ya meza badala ya nyuma ya boksi la chuma.