Ndugu yako amepewa hifadhi Marekani: siku zinavyohesabiwa mpaka kadi ya kijani

Somo hili ni la familia za Nakuru, Kisumu na magharibi zenye mtu aliyeomba hifadhi Marekani akakubaliwa. Akipiga simu kusema "nimepata karatasi", huku tunachinja kuku tukidhani mambo yameisha. Karatasi hiyo inamruhusu kukaa na kufanya kazi, lakini bado si ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani.

1. Shikeni tarehe ya kukubaliwa, iliyoandikwa kwenye uamuzi wa hakimu au barua ya afisa wa hifadhi. Siku aliyotua na siku aliyopeleka maombi hazianzishi hesabu hii. Awatumie nakala.

2. Kadi ya kijani inataka mwaka mmoja ndani ya Marekani tangu tarehe hiyo. Hapa ndipo wengi huteleza. Kinachohesabiwa ni siku ambazo yeye mwenyewe yuko ndani ya nchi. Kulipia nyumba kule huku akiwa Kanada kwa shangazi hakumsaidii: akitoka wiki tatu, wiki tatu hizo zinakatwa na atazifidia. Kila safari aandike tarehe ya kutoka na ya kurudi, maana ataulizwa.

3. Mwaka ukitimia, atume fomu I-485, ya kuomba kadi ya kijani, pamoja na ripoti ya daktari aliyeidhinishwa na idara ya uhamiaji, USCIS. Waliopelekwa kule kama wakimbizi, tuseme kutoka Kakuma, sheria inawalazimu kuomba baada ya mwaka. Aliyepewa hifadhi akiwa kulekule halazimiki, ila mimi simshauri akae tu. Hifadhi inaweza kuondolewa hali ya nchi alikotoka ikibadilika.

4. Akihama nyumba, aiarifu USCIS ndani ya siku 10. Ni jambo dogo, lakini barua ya kuitwa ikienda anwani ya zamani, kesi inakwama.

5. Kadi ikitoka, tarehe yake ya ukaazi hurudishwa nyuma mwaka mmoja. Kwa hiyo ile miaka 5 ya kungoja uraia, kwake ni kama 4 tangu kadi ipitishwe. Ndani ya miaka hiyo 5 awe amekaa Marekani angalau miezi 30, na safari ya zaidi ya miezi 6 huzua maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mzee wetu ametutoka na mazishi ni Jumamosi ijayo, Bungoma. Kaka alipewa hifadhi mwaka jana. Anaweza kuja kwa pasipoti ya Kenya?

Poleni sana. Asikate tiketi kabla ya kuongea na wakili. Alieleza kwa kiapo kwamba anaogopa kurudi Kenya. Akija kwa pasipoti ya Kenya, ataulizwa hofu hiyo ilienda wapi, na anaweza kupoteza hifadhi yenyewe. Kuna hati ya kusafiria ya wakimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131 kabla ya kutoka, lakini nayo haiondoi swali hilo kwa safari ya Kenya. Kadi ya kijani pia hailiondoi. Najua wazee wa ukoo watanung'unika mtoto asipotupa udongo kaburini. Waelezeni mapema, kabla lawama hazijamfikia yeye kwenye simu.

Mimi ni mke wa mtu aliyepewa hifadhi, niko Kisumu. Tulioana kimila, ng'ombe zilitolewa, cheti hatuna. Nitamfuataje?

Dada, anza na msajili wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe. Hakikisha tarehe mliyooana inaonekana, si ya usajili pekee, kwa sababu ndoa lazima iwe ilikuwepo kabla hajakubaliwa. Weka pia picha za siku ya mahari. Yeye ajaze I-730, fomu ya kuwaombea mke na watoto wamfuate, ndani ya miaka 2 tangu akubaliwe. Hahitaji kungoja kadi ya kijani.

Na binti yetu anayetimiza miaka 21 mwezi ujao?

Kinachoangaliwa ni umri aliokuwa nao siku baba alipopeleka maombi ya hifadhi. Kama alikuwa chini ya 21 siku hiyo, bado yumo, mradi asiolewe. Harusi ingoje.

Sisi wazazi je? Tuko Molo.

Mama, I-730 haiwahusu wazazi wala ndugu. Atawaombea akishapata uraia, naye awe ametimiza miaka 21. Kwa hiyo yeyote mjini anayewadai pesa za "fomu ya wazazi" sasa hivi, msimpe hata shilingi.