Toboa bomba la pampu kabla hujatia chumvi

Kwa wanaofunga tangi jipya la kufugia matumbawe nyumbani, lile lenye tangi jengine chini yake: toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye bomba la pampu linalorudisha maji juu, sehemu iliyo ndani ya tangi la juu, sentimita moja hivi chini ya usawa wa maji. Huku kwetu Unguja umeme hukatika bila hodi, na pampu ikizima bomba hilo hugeuka kama mpira wa kunyonyea petroli: maji yanashuka yenyewe mpaka mdomo wake uwe wazi. Tangi la mita moja kwa nusu mita, kila sentimita ni lita 5. Mdomo ukiwa sentimita 10 ndani ya maji, hizo ni lita 50 zinazoteremka, na zisipoenea chini zitapata mkeka. Tundu likiwepo, maji yakipungua kidogo tu linavuta hewa, mvuto unakatika. Lielekeze chini, maana pampu ikiwaka linarusha maji, na chumvi kwenye taa ni kero.

Halifanyi kazi likizibwa na mwani au konokono, kwa hiyo lipitishie kijiti cha meno kila unaposafisha kioo. Vali ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake; chokaa huigandisha. Wala tundu halikusaidii ukijaza tangi la chini pomoni. Chomoa pampu, subiri maji yatulie, ongeza mpaka karibu na ukingo wa tangi hilo la chini, kisha iwashe tena: maji yatakaposhukia humo, piga mstari wa kalamu na usiuvuke.