Namna ya Kumwondoa Kicheche Nyumbani na Shambani

Kicheche huingia kwenye makazi ya watu kwa kufuata mambo mawili, chakula na shimo la kulala. Mfugaji anayeanza kwa kumwandama mnyama mwenyewe, kwa fimbo, mbwa au sumu, huambulia uvundo unaokaa siku nyingi, na baada ya muda hukuta kicheche mwingine amehamia katika shimo lile lile. Kazi yenye matokeo ni kuondoa kinachomvuta, kisha kuziba makao yake, tena kwa mpangilio huo, kwa sababu kuziba shimo wakati mnyama au watoto wake wamo ndani ndilo kosa lenye hasara kubwa kuliko yote.

Ushauri huu unamlenga zaidi kicheche wa Amerika, yule mweusi mwenye mistari miwili myeupe mgongoni, ingawa hatua nyingi zinamfaa pia kicheche wa Afrika. Wawili hao si wa familia moja, maana yule wa Afrika ni jamaa ya nyegere, lakini mienendo yao inafanana: hutoka usiku, huchimbua wadudu, hukamata panya, hula mayai, na wakibanwa hurusha majimaji yenye uvundo kutoka kwenye tezi mbili zilizo karibu na njia ya haja kubwa.

Kabla ya kununua wavu, hakikisha kwamba mharibifu ni kicheche kweli. Kwenye nyasi huacha vishimo vidogo vyenye umbo la pia, vya upana wa sentimita 7 hadi 10, alipokuwa akitafuta mabuu ya mbawakawa. Ndani ya banda, yai lililoliwa naye mara nyingi huwa limefunguliwa upande mmoja tu, kingo za ganda zimevunjikia ndani, na ganda lenyewe limeachwa karibu na kiota. Akiua kuku, kwa kawaida huua mmoja au wawili. Ukikuta kuku wengi wameuawa kwa usiku mmoja, au dalili kwamba mnyama ameingilia darini, mtafute mwingine, kwa kuwa kicheche wa Amerika ni mpandaji hafifu. Na vifaranga wakitoweka mchana, mshukiwa wa kwanza awe nguchiro au ndege mwindaji. Harufu peke yake haithibitishi kwamba ana makao hapo. Huenda alikuwa mpita njia tu aliyekurupushwa na mbwa.

Anza na chakula. Mabaki ya chakula cha mbwa na paka yasilale nje, mayai yakusanywe kabla ya giza, matunda yaliyoanguka chini ya miti yaokotwe, na pipa la taka liwe na mfuniko unaobana. Nafaka inayomwagika kwenye ghala na banda huwavuta panya, na panya humleta kicheche, kwa hiyo kusafisha ghala ni sehemu ya kazi hii hata kama yeye mwenyewe hategemei mahindi. Ondoa pia marundo ya mbao, mawe na vichaka vilivyo karibu na nyumba. Hapa inafaa kusema wazi kwamba kicheche anayepita shambani akila mende, panzi na panya, bila kugusa kuku wala kulala chini ya nyumba, anamfanyia mkulima kazi ya bure, na kwa maoni yangu hana sababu ya kuguswa.

Banda la kuku lizungushiwe wavu wa chuma mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.3. Ule wavu mwembamba wa matundu makubwa unaouzwa kwa ajili ya kuku huwazuia kuku kutoka, lakini haumzuii mnyama mwenye kucha kuingia. Wavu ushuke ardhini sentimita 30, kisha ukunjwe kuelekea nje kwa sentimita nyingine 30 na kufukiwa. Mkunjo huo ndio wenye manufaa, kwa sababu kicheche huanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi, na akigonga wavu uliolala chini ya miguu yake huhangaika papo hapo bila kufikiria kurudi nyuma na kuanzia mbali. Mlango ubane vizuri na ufungwe jua linapozama.

Wafugaji wa nyuki wana adha yao. Kicheche hukwaruza mlango wa mzinga usiku, nyuki walinzi wanapotoka huwakamata na kuwatafuna, hunyonya utomvu wao, kisha hutema makapi. Ukiona mikwaruzo na matope mbele ya mzinga, makapi ya nyuki yametapakaa chini, na kundi lililokuwa pole limekuwa kali ghafla, inua mzinga hadi karibu sentimita 90 kutoka ardhini au uutundike. Akilazimika kusimama kwa miguu ya nyuma, tumbo lake lisilo na manyoya mengi hubaki wazi kwa miiba.

Shimo la kulala ndilo linalohitaji subira. Kagua chini ya sakafu ya mbao, stoo, ngazi na karo la mifugo, ukitafuta tundu lililochimbwa lenye upana wa sentimita 10 hadi 20. Kabla ya giza, tandaza unga au majivu yaliyochekechwa mbele ya tundu hilo, kwa eneo la kama nusu mita. Giza likishaingia kwa saa mbili au tatu, rudi na tochi ukasome nyayo. Unyayo wa kicheche una vidole vitano, na alama za kucha za mbele huonekana mbali kidogo na vidole kwa kuwa kucha hizo ni ndefu. Nyayo zikielekea nje tu, ametoka kutafuta chakula, na tundu linaweza kuzibwa saa hiyo hiyo kwa wavu na mawe. Zikielekea nje na ndani, subiri. Zisipoonekana kabisa, ziba kwa karatasi laini au majani makavu na ukague kwa siku kadhaa, kwani mnyama aliyemo ataisukuma.

Wakati wa kuzaa, hata ushahidi wa nyayo zinazotoka hautoshi. Kule Amerika Kaskazini, kicheche huzaa kuanzia Aprili hadi Juni, kwa kawaida watoto 4 hadi 6, nao huanza kumfuata mama nje wakiwa na umri wa wiki 7 au 8. Ukimfungia mama nje kabla ya hapo, watoto watakufa chini ya sakafu, na mama atachimba upande mwingine usiku kucha akiwatafuta. Ama uvumilie hadi familia yote ianze kutoka pamoja, ama uweke taa na redio karibu na tundu ili mama awahamishe mwenyewe. Baada ya hapo, funga mlango wa njia moja, yaani kipande cha wavu kikubwa kuliko tundu, kilichoning'inizwa kwa juu ili kifunguke kuelekea nje tu. Kiache kwa siku chache, hakikisha kwa unga kwamba hakuna anayebaki ndani, kisha ziba kabisa. Nisingeshauri kutupa naftalini, yaani vile vidonge vya kufukuzia nondo, chini ya nyumba. Ni sumu kwa watu na mifugo, na mvuke wake hupanda hadi vyumbani.

Kicheche wa Amerika hatoi uvundo bila onyo. Hupigapiga ardhi kwa miguu ya mbele, huinua mkia, kisha hujipinda hivi kwamba uso na makalio yote vinamwelekea adui. Ukiona hivyo, rudi nyuma polepole bila kupiga kelele, kwa kuwa majimaji yake hufika mita 3 au zaidi. Yakiingia machoni, yasafishe kwa maji mengi safi. Mbwa aliyerushiwa asioshwe kwa maji matupu, maana maji huamsha upya baadhi ya kemikali za uvundo huo. Ndiyo sababu mbwa hunuka tena kila anapolowa mvua. Mchanganyiko unaofaa zaidi ulitangazwa na mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, mwaka 1993: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha baikaboneti ya soda ya kuumulia mikate, na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji ya vyombo. Mpake mbwa ukikwepa macho, acha kwa dakika 5, kisha suuza. Utengenezwe wakati wa kutumiwa na uliobaki umwagwe, kwa kuwa ukifungwa kwenye chupa hutoa gesi inayoweza kuipasua. Manyoya meusi yanaweza kupauka kidogo.

Kicheche ni miongoni mwa wabebaji wakuu wa kichaa cha mbwa Amerika Kaskazini. Mbwa na paka wachanjwe. Kicheche anayepepesuka, anayemfuata mtu au kushambulia bila sababu asikaribiwe. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo au wanyamapori. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Sumu haifai, kwani humwua paka wa jirani kabla ya kumfikia aliyekusudiwa, na anayekufa shimoni hunuka kuliko alipokuwa hai. Mtego wa kunasa akiwa hai nao katika nchi nyingi huhitaji kibali, na kumhamishia mnyama mbali huweza kuhamisha maradhi pia. Ukiruhusiwa kuutumia, ufunikwe kwa turubai zito tangu mwanzo, ubebwe bila kutikiswa, na ukaguliwe kila asubuhi.

Akitumbukia kwenye shimo lenye kuta wima, usishuke kumtoa. Telemsha ubao mrefu uliopigiliwa vipande vya mbao vya kukanyagia, kwa mwinamo usiozidi nyuzi 45, waondoe mbwa na watoto, na uondoke. Atapanda mwenyewe usiku.