Kiraka cha fokasi kikimezwa na mwanga
Ukipiga picha na Leica M6, kamera ya filamu ambayo unatazama kupitia kitundu kilicho kando na lenzi, huku jua likiingia kwa pembeni, kile kiraka cha fokasi (kimraba kidogo katikati ya kitundu ambamo unalinganisha taswira mbili ili kufokasi) hugeuka cheupe, usione kitu. Usiilaumu lenzi, kwenye kamera hizi jicho halipiti ndani yake. Sogeza jicho taratibu mpaka liwe katikati kabisa ya kitundu. Bado? Kinga kwa ncha ya kidole kile kidirisha cha kioo chenye ukungu kilichoko mbele: mistari ya fremu, ile inayoonyesha mipaka ya picha, itafifia, ila mara nyingi kiraka hurudi. Mimi hupenda njia hii, haihitaji fundi.

Lenzi kuukuu isiyo na koti (utando mwembamba wa kupunguza mwakisiko) ni habari nyingine. Kila uso wa kioo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na kwenye kitundu hutaona dalili yoyote ya mwanga huo. Ivalishe kikinga jua.