Dawa ya nguvu ya mutoto: soma kartoni mbele ya kutosha franga

Kila mwezi wa tisa masomo ikifunguka, na mvua nayo inarudia, ni ile ile: mama anaingia ku farmasi, mutoto ku mugongo, kamasi mpaka ku mudomo, anasema "dokta, unipatie dawa ya nguvu". Mimi siko dokta, niliuzishaka tu dawa miaka mingi ku kontwari moja huku Nyawera, mu muji wa Bukavu, lakini batu banatuitaka vile. Nikimuuliza "mama, nguvu ya nini?" ananiangalia sawa vile ninakatala kumuuzishia. Lakini ile ulizo njo kazi yote. Ku etajeri kuko siro ya vitamini, kuko ampule ya probiotiki, kuko bonbo za rangi zenye picha ya dubu, na zote zimeandikwa "inasaidia kinga ya mwili", maneno yenye haimufunge mwenye kuitengeneza kwa kitu. Kama haujui unatafuta kutengeneza nini, utanunua picha.

Tuanze na tumbo, ju njo inaletaka batu mingi. Probiotiki ni vidudu vizima, vile vizuri, tunavimeza ili visaidiane na vile vya tumbo. Sawa. Lakini mutoto akihara maji, probiotiki haiko dawa ya kwanza. Ya kwanza ni SRO (unga ya chumvi na sukari ya kukoroga mu maji ya kunywa), sashe ikisema litre moja ni litre moja kamili ya maji safi, haiko "nimekadiria na kopo", pamoja na zinki: miligrama 20 kila siku kwa mutoto mwenye kupita miezi 6, miligrama 10 kwa mwenye bado, siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumesimama siku ya tatu. Ju ni vitu vya bei ndogo batu banavizarau. Mu 2018 kulitoka utafiti mbili kubwa, moja ya Marekani, ingine ya Kanada, bote pamoja batoto zaidi ya 1 800 benye walikuwa banahara ao kutapika, bamoja bakapata probiotiki, bengine bakapata unga tu yenye haina kitu, na bakapona sawa sawa. Kuko bamunganga benye banaandikaka bado probiotiki ya kuhara, na kuko aina zenye pengine zinapunguza siku moja hivi, sibishane nabo, lakini kama franga yako inatosha kitu kimoja, ununue SRO na zinki. Na kama kuhara iko sawa maji ya muchele, ao iko na damu, ao macho imeingia ndani na mutoto hanywi tena, usipite hata kwetu, kimbia hopitali, sisi batu ba kando ya ziwa kolera tunaijua.

Mahali probiotiki inafanyaka kazi ya kuonekana ni wakati mutoto iko ku antibiotiki. Amoxi (amoxicilline, antibiotiki yenye batu banajua sana) inaua vidudu vya ugonjwa, inaua na vile vya kazi, kisha siku ya pili mutoto anaanza kuhara. Hapo kuko majina mbili yenye zilipimwa sana: Saccharomyces boulardii na Lactobacillus rhamnosus GG. Ile ya kwanza, yenye iko ndani ya Ultra-Levure, ni levure (chachu), haiko bakteri, kwa hiyo antibiotiki haiiuwi, unapatiana zote mbili bila shida (isipokuwa kama banamutunza na dawa ya kuvu ya mudomo, ile itaimaliza). Historia yake ninaipendaka: miaka ya 1920 Mufaransa Henri Boulard alikuwa Indochine wakati wa kolera, akaona batu banachemsha maganda ya matunda ya kule, lichi na mangusteni, banakunywa ile maji, na mu yale maganda njo akatosha hii levure. Ile ya pili ni bakteri, kwa hiyo utenganishe na antibiotiki masaa mawili hivi, kama hapana utakuwa unamulisha mutoto maiti. Na unaanza siku ile ile ya antibiotiki, haungojee kwanza aharishe.

Sasa angalia jina mpaka mwisho. Huku kwetu muntu iko na jina, postnom na prenom, ju ukitumwa Kadutu "unitafutie Bahati" utarudia na Bahati kumi na hata mumoja haiko yeye. Probiotiki njo vile. Lactobacillus ni jina, rhamnosus ni postnom, GG ni prenom, ile herufi mbili ni ya bale batu babili benye waliipata, Gorbach na Goldin. Kartoni yenye inaandika tu "Lactobacillus" na kusimama pale imekuficha ni nani unapeleka ku nyumba. Kisha tafuta hesabu, inaandikwaka UFC, njo hesabu ya vidudu vizima: kwa boulardii na GG munganga anatakaka miliari 5 kila siku ao kupita, na ile hesabu inapashwa kuwa ya mpaka tarehe ya kumalizika, haiko ya siku ilitoka ku izini. Kuko pia zile ampule za Enterogermina, ni Bacillus clausii, miliari 2 mu kila ampule, ni mbegu zenye ganda nguvu zenye hazisumbuliwe na joto, lakini usifikiri kazi ya moja ni kazi ya ingine ju tu zote zinaitwa probiotiki.

Joto njo inaharibishaka mingi bila mutu kujua. Kartoni ikisema frigo, digri 2 mpaka 8, uliza muuzaji usiku uliopita kura (umeme) ilikuwa? Kama anacheka, umejua jibu. Hapa Bukavu tuko na bahati ya baridi kuliko bandugu ba Uvira, lakini ku nyumba nako kura inakatika siku mbili, kwa hiyo mimi ninashauriaka mama achukue ile yenye inakaa inje ya frigo, mu kabati kavu, mbali na mbabula. Na usikoroge mu buyi ya moto, utakuwa umevipika! Mutoto wa chini ya miaka 6 hamezi jelile (kapsule), unaifungua unamwaga unga mu maji ya uvuguvugu ao mu maziwa yenye imepoa.

Kuko batoto benye haupatie hata kidogo bila munganga: mwenye alizaliwa mbele ya wakati, mwenye kinga yake imeanguka sana, mwenye amelazwa na kateta (mupira mwembamba wa kupitishia dawa) mu mushipa kubwa. Mu 2023 FDA, ofisi ya serikali ya Marekani yenye inachungaka dawa, iliandikia bamunganga barua ya onyo, ju mutoto mumoja wa kuzaliwa mbele ya wakati alikufa, na ile bakteri ya probiotiki njo ilipatikana mu damu yake.

Vitamini sasa, hapa ninakasirikaka kidogo. Vitamini A mutoto wa miezi 6 mpaka 59 anaipata bure kila miezi 6, bareko (bajitolea ba afya) banapitaka nyumba na nyumba, kapsule ya bluu ya UI 100 000 (UI ni kipimo cha vitamini) kwa wa miezi 6 mpaka 11, nyekundu ya UI 200 000 kwa wa miezi 12 mpaka 59, na mwili unaiweka mu maini. Kwa hiyo mbele ya kuongeza siro na mafuta ya maini ya samaki, angalia fishi ya kilo (karte ya kupima mutoto), tarehe ya mwisho ni gani. Vitamini C ikizidi inatoka mu mukojo, unakojoa franga tu, A na D hapana, zinabakia na zinaweza kuleta sumu. Feri (madini ya chuma) nayo usiiguse bila kupima damu, na zile bonbo za dubu ziweke juu kabisa, ju mutoto anajua ni bonbo, akimeza chupa nzima yenye feri ni hopitali usiku. Asali ni hapana mbele ya mwaka moja, hata tone.

Na ile siro ya kutia hamu ya chakula! Soma nyuma, herufi kadogo: kama kumeandikwa cyproheptadine, ile ni dawa ya aleji yenye inaletaka njaa na usingizi. Mama anarudia anasema "asante, mutoto ametulia", kumbe analala ku masomo.

Kama miguu imevimba, nywele inageuka rangi, mutoto haleti furaha, ile haiko kukosa vitamini ya chupa, ile ni bwaki (kwashiorkor), inaenda ku kituo cha afya, si ku kontwari. Kwa bengine, mbele ya kufungua porte-monnaie angalia sahani: sambaza na miiba yake yote, lengalenga, maharagi, mawese nyekundu yenye haijaunguzwa, kidogo kidogo kila siku. Na mashanza, ju ile nayo ni vidudu vizima, ila chukua ya maziwa yenye ilichemshwa mbele ya kuchachishwa, maziwa mbichi inaweza kuleta bruselozi, ugonjwa wenye unatokaka ku nyama za kufuga. Kasiksi (pombe ya ndizi) pia imechacha, najua, usianze.

Ukiisha kununua, andika na biki tarehe ya kufungua juu ya chupa. Kitu kimoja kwa mara moja, ju ukianza tatu pamoja na mutoto akatoka vipele hautajua umufunge nani. Antibiotiki ikiisha, endelea wiki moja hivi kisha acha, na ile yenye imebakia usimupelekee jirani kama chupa ilishafunguliwa.